Abati asiyefukuza mtu: Aelred wa Rievaulx na ndugu zake wadhaifu

Mwanzoni mwa mwaka 2024, mkutano wa wakatekista ulipokuwa karibu kufungwa, mzee mmoja aliyefundisha dini tangu kabla mimi sijabatizwa aliinuka akauliza: « Padiri, tumesikia redioni habari za baraka ya wanaume wawili. Maaskofu wetu wamekataa, na sisi tumefurahi. Lakini yule kijana wa mtaa wangu ambaye watu wote wanamsema, yeye hakuomba baraka yoyote. Anaomba kuimba katika kwaya tu. Nimwambie nini? » Wengine wakacheka. Mimi nikajibu neno la haraka juu ya kumwombea kijana huyo, tukasali Salamu Maria, tukaenda kula.

Jibu lile halikunipa raha. Habari za redioni zenyewe tulizijua vema. Tarehe 18 Desemba 2023, Idara ya Mafundisho ya Imani kule Roma ilitoa tamko liitwalo Fiducia supplicans, likiruhusu padri kuwabariki kwa maneno machache, nje ya liturjia, hata watu wawili wa jinsia moja wanaoishi pamoja, bila kufananisha baraka hiyo na ndoa. Tarehe 11 Januari 2024, Kardinali Fridolin Ambongo, askofu mkuu wa Kinshasa, kwa jina la maaskofu wa Afrika na Madagaska ambao alikuwa mkuu wa shirikisho lao, akatangaza ya kuwa baraka hizo hazifai kutolewa katika Makanisa yetu. Wengi tulisoma mpaka hapo tukakunja karatasi. Lakini karatasi ile ile yasema tena kwamba watu wenye mwelekeo huo wapaswa kutendewa kwa heshima na kwa kujua utu wao. Neno la kwanza tulilipigia makofi. La pili sikumsikia mtu akilisoma mimbarini, wala mimi mwenyewe sikulisoma.

Swali la mzee lilikuwa juu ya neno hilo la pili. Nalo si swali lililozaliwa juzi, wala halikuletwa na redio. Ndiyo maana naomba ndugu waseminari, mapadri na wakatekista wanifuate mbali kidogo, mpaka Uingereza ya kaskazini, miaka mia nane na zaidi iliyopita, katika nyumba ya watawa ambamo abati mmoja alilazimika kujibu swali la namna ile kila siku.

Nyumba hiyo ni Rievaulx, katika nchi ya York. Leo zimebaki kuta ndefu za mawe zisizo na paa, na majani yameota pale palipokuwa na altare, kwa kuwa mfalme Henry wa Nane aliifunga mwaka 1538. Wamonaki wa kwanza walifika mwaka 1132, wametumwa na mtakatifu Bernard kutoka Clairvaux. Aelred aliingia mwaka 1134, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne.

Alikuwa mwana wa padri. Msomaji asishtuke: katika sehemu zile sheria ya useja ilikuwa haijashikwa bado, na upadri wa Hexham, kwao Aelred, ulirithiwa kutoka baba kwenda mwana kama shamba. Alikulia katika nyumba ya mfalme David wa Scotland, akapewa cheo cha kusimamia mali na meza ya mfalme. Watu walimsifu. Yeye mwenyewe, katika kitabu chake Speculum caritatis, anaeleza ya kuwa wale waliomsifu hawakujua kilichokuwa kikimla ndani: minyororo ya mazoea mabaya, na zaidi ya yote kifundo cha urafiki mmoja uliokuwa mtamu kwake kuliko furaha nyingine zote za maisha. Baadaye, akimwandikia dada yake aliyekuwa mtawa wa upweke, alikiri wazi kwamba dada alitunza usafi wake na yeye aliupoteza.

Alipoteza na nani? Hasemi. Mwaka 1980 John Boswell, mwalimu wa historia katika chuo kikuu cha Yale, Marekani, aliandika ya kuwa jambo halina shaka, Aelred alikuwa mmoja wa wanaume wanaovutwa na wanaume. Wataalamu wengine wakamjibu kwamba maneno ya mapendo yaliandikwa namna ile katika monasteri zote za wakati ule, na ya kuwa hatuwezi kuchukua jina la siku zetu tukamvisha mtu wa karne ya 12. Ubishi huo unaendelea. Mimi naona pande zote mbili zina sehemu ya kweli. Jina ni la kwetu, si la kwake. Lakini anayesoma vitabu vyake bila woga aona ya kuwa marafiki wa moyo anaowaandika ni wanaume wenzake, kwamba aliijua hatari ya moyo wake, na kwamba hakuutupa moyo huo nje ya mlango alipoingia utawa.

Hatari aliijua kweli kweli. Alijenga chumba kidogo chini ya sakafu ya nyumba ya wanovisi, maji baridi yakipita ndani, akawa anashuka humo kwa siri na kujizamisha ili kuzima moto wa mwili. Habari hiyo twaipata kwa Walter Daniel, mmonaki wake, aliyeandika maisha yake baada ya kifo. Huyo Walter alikuwa na mapendo mengi na busara kidogo. Aliandika ya kuwa Aelred aliishi kama mmonaki hata nyumbani mwa mfalme, na wakubwa wawili wa Kanisa wakamjia juu: inawezekanaje, na kila mtu ajua kwamba kijana yule hakukaa safi? Walter akajitetea kwa barua, akisema ya kuwa aliposema « mmonaki » alitaka kusema mnyenyekevu, si safi wa mwili. Waseminari watacheka, lakini wakumbuke hili: mambo ya ujana wa Aelred hayakufichika. Ndugu zake walimchagua abati wakijua wanamchagua nani.

Katika monasteri alimpata rafiki, Simon, aliyekufa kijana. Kanuni iliwakataza kusema wakati mwingi, na Aelred asema kwamba uso wa Simon tu, kutembea kwake na kunyamaza kwake, vilimfundisha. Alipokufa, Aelred alilia hata kukatiza kitabu alichokuwa akiandika, akajaza kurasa kwa kilio, kisha akaogopa kwamba watu watamhukumu kwa machozi yale.

Mwaka 1147 akawa abati wa Rievaulx, wa tatu tangu mwanzo, akaiongoza nyumba miaka ishirini. Katika miaka hiyo nyumba ilikua mara mbili. Walter ahesabu wamonaki 140, na ndugu wa kazi pamoja na watumishi 500, hata siku za sikukuu kanisa lilijaa kama mzinga wa nyuki. Sababu yake? Kwa sehemu ni mashamba, kondoo na zawadi za matajiri. Lakini Walter ataja sababu nyingine, na ndiyo iliyonifanya niandike. Watu waliohangaika kutoka nyumba hadi nyumba, ambao hakuna abati mwingine aliyetaka kuwapokea, walifika Rievaulx wakakuta mlango wazi. Wadhaifu wa mwili na wadhaifu wa tabia. Wapo ndugu waliokasirika wakataka wengine wafukuzwe. Aelred aliwajibu ya kuwa sifa ya nyumba yao ni kuwavumilia wadhaifu, na ya kuwa nyumba ikikataa jambo hilo, imekwisha kuacha kuwa nyumba ya watawa.

Walter aliishi chini yake miaka 17. Ashuhudia kwamba katika miaka hiyo yote abati hakufukuza hata mtu mmoja. Wanne waliondoka bila yeye kujua, na watatu kati yao wakarudi.

Mmoja aliyetaka kuondoka mara nyingi anasimuliwa kwa urefu. Alikuwa mwanafunzi wa Aelred tangu unovisi, mtu wa moyo usiotulia. Mara ya kwanza alitoroka, akazunguka porini mchana kutwa, jioni akajikuta mbele ya ukuta wa monasteri ile ile aliyoikimbia. Aelred alimkumbatia akamwuliza kwa nini amemtenda hivyo. Mara nyingine tena akataka kwenda, na abati hakufunga lango. Alikaa akilia na kufunga chakula, mpaka yule akashindwa kuvuka lango lililokuwa wazi. Mwisho mtu huyo alikufa ndani ya nyumba, kichwa chake mikononi mwa Aelred. Abati alimbeba hivyo miaka mingi, wala sidhani alijua mapema kwamba kazi yake itazaa kitu.

Kuna jambo dogo jingine. Maabati wa siku zile waliona neno zito ndugu mmoja akimshika mwenzake mkono. Wengine walitaka hata kumvua kanzu. Walter awaita wapumbavu, na asema kwamba Aelred hakuwa hivyo: aliwaacha ndugu washikane mikono na kuambiana maneno ya upendo. Miaka ya mwisho, ugonjwa wa viungo ulipomlaza, alijengewa chumba karibu na nyumba ya wagonjwa, na kila siku ndugu ishirini au thelathini walimjia, wakaketi hata juu ya kitanda chake, wakaongea naye kama watoto na mama yao.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Kwetu vijana wawili hutoka sokoni mpaka kanisani wameshikana mikono, na hakuna mtu anayegeuka kuwatazama. Ni urafiki tu. Tulipoingia seminari ndogo tulifundishwa kuona vingine. Tuliambiwa kanuni ya zamani iliyoletwa na wamisionari: mara chache mmoja, kamwe wawili, siku zote watatu. « Urafiki wa pekee » ulikuwa jina la kutisha, ingawa hakuna aliyetueleza linatisha kwa nini. Sisemi kwamba wazee wale hawakuwa na akili. Walilea wavulana mia mbili katika nyumba moja, na hatari ilikuwa ya kweli. Lakini woga ule ulitufundisha pia kutomjua ndugu yetu, na kuyanyamazia mambo ambayo kiongozi wa roho angepaswa kuyasikia.

Aelred alichukua njia nyingine, na aliiandika. Kitabu chake De spirituali amicitia ni mazungumzo yake na ndugu watatu, Ivo, Walter na Gratian. Alikuwa amesoma Cicero juu ya urafiki akiwa kijana, kisha, baada ya kuonja Maandiko Matakatifu, Cicero peke yake hakumtosha tena. Anatenga urafiki wa mwili, urafiki wa faida ya dunia, na urafiki wa roho. Mapendo, asema, twadaiwa kwa watu wote, hata adui. Moyo wetu twaufungua kwa wachache tuliowapima. Ivo amwuliza kama yafaa kusema juu ya urafiki yale mtume Yoane aliyosema juu ya mapendo, ya kuwa ni Mungu mwenyewe. Aelred asita. Neno hilo si la kawaida, Maandiko hayalisemi. Lakini hathubutu kulikataa, na akubali kwamba anayekaa katika urafiki wa kweli akaa katika Mungu.

Mtu asifikiri ya kuwa alisema hayo kwa sababu wakati wake ulikuwa laini. Karibu na mwaka 1049 mtakatifu Petro Damiani alikuwa amemwandikia Papa Leo wa IX kitabu kikali, akidai kwamba makleri wenye dhambi ya wanaume wavuliwe daraja. Papa alimsifu, kisha, akitaka kutenda kwa utu zaidi, akaamua kwamba wale ambao hawakuzama katika mazoea ya muda mrefu, wala katika makosa mazito zaidi, waweze kurudishwa katika daraja yao baada ya kitubio. Na mwaka 1179, miaka 12 tu baada ya kifo cha Aelred, Konsilio ya tatu ya Laterano iliamuru kleri akutwaye na dhambi hiyo aondolewe katika ukleri au afungiwe monasterini kufanya kitubio, na mlei atengwe na Kanisa. Aelred hakufundisha kinyume cha hayo. Katika ile barua kwa dada yake aonya wazi kwamba usafi wapotea pia kati ya mwanamume na mwanamume. Maji yake ya baridi hakuyakausha. Ila hakuona kwamba ndugu mwenye vita ndani yake ni ugonjwa wa nyumba.

Siku hizi wakristu wengi wanaovutwa na wenzao wa jinsia moja wamemchukua awe mlinzi wao, kama walivyofanya wale wa Integrity, shirika lililoanzishwa mwaka 1974 katika Kanisa la Kiepiskopali la Marekani. Wakatoliki wa kule walikuwa wamekwisha kuanza Dignity mwaka 1969, kwa mkono wa padri mmoja wa Shirika la mtakatifu Augustino. Mwaka 1986 Roma iliwataka maaskofu wasiviunge mkono vikundi vinavyoyapinga mafundisho ya Kanisa, au visivyotaka kuyatamka wazi. Barua hiyo hiyo ya 1986, iliyotiwa sahihi na Kardinali Ratzinger, ililaani matusi na mapigo wanayopata watu hao. Tena naona desturi yetu ya kukunja karatasi katikati.

Kwa waseminari jambo liko karibu zaidi. Maagizo ya Roma ya mwaka 2005, yaliyorudiwa mwaka 2016, yasema ya kuwa wenye mwelekeo huo uliokita mizizi hawapokelewi seminarini wala kwenye daraja takatifu. Kanisa lina haki ya kupima nani awekewe mikono, wala si kazi yangu kuhukumu agizo hilo katika ukurasa huu. Nataka kusimulia tu namna moja lilivyotimizwa. Katika nyumba moja niliyosomea tulikuwa na mwenzetu mwenye sauti nzuri kuliko sisi wote. Asubuhi moja tulikuta godoro lake limekunjwa. Hakuna aliyetuambia kitu, na sisi hatukuuliza, kwa maana kila mmoja aliogopa kuonekana rafiki yake. Miaka tisa baadaye nilimkuta kwenye kituo cha malori, anauza mafuta ya mashine. Zamani tuliitana kwa majina. Siku ile aliniita « Padiri ». Akasema: « Padiri, sikasiriki kwamba walinitoa. Upadri si haki yangu. Lakini mlikuwa arobaini darasani, na hakuna hata mmoja aliyeniandikia. » Nilikuwa mmoja wa hao arobaini.

Katekisimu ya mwaka 1992, katika namba 2357 hadi 2359, yasema mambo ambayo tumeyakariri sehemu sehemu. Yasema kwamba matendo hayo ni kinyume cha sheria ya maumbile. Yasema pia watu hao wapokelewe kwa heshima, huruma na upole, wala wasibaguliwe bila haki. Kisha yataja misaada ya kuwafikisha kwenye utakatifu: kujitawala, sala, neema ya sakramenti, na pia urafiki usiotafuta faida. Urafiki! Mwenzangu wa godoro alihubiriwa tatu za kwanza tangu utoto. Hiyo ya nne hakuipata kwetu.

Papa Fransisko alikuwa Kinshasa kuanzia tarehe 31 Januari mpaka 3 Februari 2023, na watu zaidi ya milioni walijaa uwanja wa ndege wa Ndolo kwa Misa yake. Tarehe 5 Februari, ndegeni, akirudi kutoka Juba, mwandishi wa Radio France alimwambia ya kuwa katika Kinshasa hiyo hiyo alikutana na watu wa namna hii waliofukuzwa na jamaa zao. Papa akajibu kwamba kuwafanya wahalifu ni udhalimu, na ya kuwa wazazi hawana haki ya kumtupa mtoto wao nje. Nyimbo za Ndolo twazikumbuka wote. Maneno ya ndegeni yalisemwa juu ya nyumba zetu pia.

Aelred alipokuwa akifa, Januari 1167, ndugu walikaa kumzunguka, mara kumi na wawili, mara ishirini, mara arobaini, hata mara nyingine mia moja. Alikuwa mtaalamu wa kilatini, lakini saa ile alikuwa akichanganya kilatini na lugha ya mama yake kwa kumwita Kristu, maana katika lugha ile jina hilo ni fupi na, kwake, tamu zaidi.

Mwezi wa tano nilimtembelea yule mzee katekista ili nimpe jibu nililokuwa nimeliandaa kutoka vitabu hivi. Hakulihitaji. Kijana alikuwa amekwisha kuingia kwaya, akishika daftari la nyimbo na kufundisha sauti ya tatu. Baba wawili walikuwa wamewatoa watoto wao. Mzee alikuwa akiwaendea nyumbani kila jioni, akitoka shambani, na siku ile nilienda naye. Nyumba ya kwanza walitupa viti. Ya pili hawakufungua.